USILETE JINA LA UGONJWA, LETA DALILI

Hapa Silibwet wagonjwa wengi huingia chumbani mwangu wakisema, "Daktari, nina malaria." Ninapopima damu, mara nyingi malaria haionekani. Leo tujifunze majina ya magonjwa yalitoka wapi, kwani jina laweza kumpotosha mgonjwa na hata daktari.

MALARIA: Neno hili ni la Kiitaliano, mala aria, yaani hewa mbaya. Watu wa zamani waliona kwamba wakaao karibu na vinamasi huugua, wakailaumu harufu ya maji yaliyotuama. Mwaka wa 1897, Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyefanya kazi India, alionyesha kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Hewa haikuwa na makosa, lakini jina lilibaki.

HOMA: Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni joto la mwili. Huku kwetu mmoja husema "nina homa" akiwa na mafua, mwingine husema hivyo hivyo mwili ukimchoma kama moto. Wote wawili wakiuziwa dawa moja dukani, mmoja wao atakosa tiba.

CHIKUNGUNYA: Hili ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Ugonjwa huu ulitambuliwa baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Maumivu ya viungo huwafanya wagonjwa watembee wameinama. Ndugu yake, o'nyong-nyong, ulizuka Uganda mwaka wa 1959. Waacholi waliupa jina hilo kwa sababu hudhoofisha viungo.

Umeona tofauti? Wamakonde na Waacholi hawakukisia chanzo. Walitaja kile mgonjwa anachohisi. Nawe ufanye hivyo ukija kwa daktari. Sema: mwili una joto tangu lini, wapi panauma, je, unakohoa, unatapika au unaharisha? Umesafiri wapi, na umekunywa dawa gani?

Sisemi kwamba malaria haipo nyanda za juu. Miaka ya 1990 mashamba ya chai ya Kericho yalikumbwa na milipuko mikali. Ukitoka upande wa ziwa na mwili ukawa moto, njoo upesi. Lakini pimwa kwanza. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani hushauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na tone moja la damu latosha.

Mzazi, kumbuka: mtoto anayepumua haraka huku kifua kikibonyea huenda ana nimonia. Dawa ya malaria haitamponya, na kungoja siku mbili kwaweza kumuua. Mkimbize hospitalini pia akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege.

Wakipsigis huita dawa kerichek. Kerichek ya ugonjwa usiopimwa ni bahati nasibu.