HALIM EL-DABH, MUTU WA MISRI ALIYETANGULIA KUFANYA MUZIKI KWA MASHINI



Katika mabishano yetu ya mwaka wa sita kuna neno moja linalorudia kila mara: «Sisi Waafrika ni watu wa ngoma, mashini ni kazi ya Wazungu.» Wengine wanacheka, wengine wananyamaza. Sisi tunaona ni vizuri kulipima neno hili kwa maisha ya mutu mumoja. Jina lake ni Halim El-Dabh.

Kwanza tujue: muziki ya elektroniki ni nini? Kwa desturi mutungaji anaandika noti, kisha waimbaji na wapigaji wa vyombo wanazisoma. Lakini katika muziki hii mutungaji anafanya kazi ndani ya sauti yenyewe. Anaikamata kwa mashini, anaikata, anairefusha, anaigeuza nyuma mbele, anaichanganya na nyingine. Au anaizalisha kwa umeme tu.

1. UTOTO NA MASOMO

El-Dabh alizaliwa Cairo, muji mukubwa wa Misri, tarehe 4 mwezi wa tatu 1921, katika jamaa ya Wakristo Wakopti. Mwaka wa 1932, alipokuwa na miaka 11, mukutano mukubwa juu ya muziki ya Kiarabu ulifanyika Cairo. Watungaji wenye sifa walitoka Ulaya, kama vile Béla Bartók, na kijana huyu akaenda kusikiliza. Lakini ku iniversite hakusoma muziki. Alisoma kilimo, akamaliza mwaka wa 1945. Kazi ya kilimo ikamupeleka katika vijiji, na kule alisikia nyimbo na ngoma za wakulima.

2. KAZI YA MWAKA WA 1944

Alipokuwa angali mwanafunzi, aliazima mashini ku kituo cha redio cha Cairo. Haikuwa ya kaseti, kwa maana kaseti hazikuwako bado. Ilikuwa mashini nzito iliyoandika sauti juu ya waya mwembamba wa chuma. Akaibeba mpaka pahali pa zaar, ibada ya kimila ambamo wanawake wanaimba na kupiga ngoma juu ya kuponya mutu anayesumbuliwa na pepo. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Yeye na rafiki yake wakajifunika kichwa sawa wanawake, wakaingia na mashini yao.

Kisha akarudi redio na ule waya. Akapitisha sauti za wale wanawake katika chumba cha mwangwi, akazikamata tena mara ya pili, akapunguza hizi na kuongeza zile. Ili tufahamu vizuri, tusikilize ile jante inayopigwa asubuhi kutuita darasani. Ndani ya pigo moja muna sauti nyingi: moja nene ya chini, na nyingine nyembamba zinazopanda juu yake. Sauti ya chini ndiyo tunaijua, nyingine zinajificha. El-Dabh aliondoa ile ya chini, akaacha zile zilizojificha. Kwa hiyo musikilizaji hasikii tena maneno wala ngoma waziwazi, anasikia kama pumzi ya mbali inayokwenda na kurudi.

Kazi hiyo ilisikilizwa Cairo mwaka uleule wa 1944. Vitabu vingi vinaanza habari hii na Pierre Schaeffer, enjiniya wa redio ya Paris, aliyetoa masomo yake ya makelele mwaka wa 1948. Hatumunyanganyi Schaeffer heshima yake: ni yeye aliyeipa namna hii ya kazi jina, akaifundisha, akafungua njia kwa wengine. Lakini mutu anayejua kuhesabu ataona kwamba kati ya 1944 na 1948 muna miaka 4.

Juu ya nini basi hakujulikana? Kazi yake haikuenezwa. Kipande kifupi cha dakika 2 hivi ndicho kilitolewa kwa CD mwaka wa 2000, miaka 56 nyuma. Kazi isiyotunzwa na kuandikwa inakuwa sawa haikufanyika. Hilo ni neno zito kwetu.

3. MAREKANI NA AFRIKA

Mwaka wa 1950 alipata bursi ya kusoma Marekani. Mwaka wa 1958 alitunga muziki ya mchezo mukubwa wa Martha Graham unaoitwa Clytemnestra. Mwaka wa 1959 alifanya kazi katika studio ya Columbia-Princeton, New York, akatoa Leiyla and the Poet, ambamo sauti za watu na za vyombo zinageuzwa kwa mashini.

Hakusahau Afrika. Tangu 1962 mpaka 1964 alifundisha iniversite ya Addis Ababa, Ethiopia. Kisha alitafuta muziki ya kimila katika inchi nyingi, kama vile Mali, Senegal, na kwetu pia, wakati inchi yetu iliitwa Zaïre.

Tangu 1969 alikuwa mwalimu wa iniversite ya Kent State, Ohio. Tarehe 4 mwezi wa tano 1970 waaskari walipiga risasi pale juu ya wanafunzi waliokusanyika kupinga vita: 4 wakakufa, 9 wakaumizwa. El-Dabh hakunyamaza, akatunga opera juu ya mambo yale, Opera Flies, mwaka wa 1971. Alikufa tarehe 2 mwezi wa tisa 2017, akiwa na miaka 96.

4. NENO KWA WANAFUNZI

Mwingine atauliza: Mukristo alitafuta nini ku zaar? Swali ni la haki. Hatusemi tukubali mafundisho ya zaar. Tunasema kwamba kusikiliza mutu si kukubali kila anachoamini. Wale wanawake wangebaki bila musikilizaji ingawa waliishi katika muji mumoja naye.

Na ule wimbo wetu wa mashini na Wazungu? El-Dabh hakutengeneza mashini, aliiazima. Kitu alichotoa mwenyewe ni masikio, na swali ambalo wenye mashini hawakuwa wamejiuliza.

MASWALI YA KUJIBU

1. Kwa nini mwaka wa 1944 ni wa maana katika habari hii?
2. Kelele ya mvua juu ya mabati yetu inaweza kuwa muziki? Toa sababu.
3. Katika kijiji chenu, ni nyimbo gani zinazojulikana na wazee tu? Nani atazikamata mbele hawajaondoka?