Barua Pepe na Kalenda ya Chuo: Ni Mali ya Nani?

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, pamoja na marafiki wanaochangia miradi yetu, somo la robo hii linahusu kuchagua mfumo mpya wa barua pepe na kalenda kwa ajili ya chuo. Wengi hudhani hilo ni jambo la mafundi wa kompyuta peke yao. Kwa kweli ni jambo la kutunza mali. Bodi ikiletewa pendekezo, kabla ya kuuliza bei iulize hivi: mkuu wa chuo akihama kesho, barua zitabaki na nani?

Tatizo lenyewe

Katika vyuo vidogo ni kawaida mkuu wa chuo na mhasibu kutumia anwani zao binafsi, za Gmail au Yahoo. Siku za kawaida hakuna shida. Shida hujitokeza mtumishi anapostaafu, anapohamishwa au kufariki. Mikataba ya ufadhili, stakabadhi na barua za wazazi zimo katika sanduku ambalo neno lake la siri lilijulikana na mtu mmoja. Mhisani huendelea kuandika kwenye anwani ya zamani, hajibiwi, na mwisho hudhani chuo hakijali. Taarifa huchelewa na fungu linalofuata husimama. Anayeumia ni mwanafunzi ambaye ada yake ilitegemea fungu hilo.

Hatua ya kwanza, basi, ni chuo kusajili jina lake la mtandaoni, yaani kikoa. Hapa Tanzania vyuo hutumia majina yanayoishia na .ac.tz, na mashirika yasiyo ya faida .or.tz. Usajili uwe kwa jina la chuo, si la fundi, na ada yake iingizwe katika bajeti ya kila mwaka. Anwani ziwe za ofisi: mkuu, mhasibu, usajili. Chuo chenye kikoa chake kinaweza kubadili kampuni inayokihudumia bila kubadili anwani hata moja.

Njia tatu

1. Seva ya chuo chenyewe. Chuo hushika kila kitu mkononi. Lakini seva hutaka umeme usiku na mchana, betri, nakala za akiba na fundi aliye karibu. Tena barua zitokazo kwenye seva ndogo huweza kuzuiwa huko ziendako kwa kudhaniwa ni barua taka. Serikali yetu ina mfumo wake wa barua pepe, lakini nyuma yake iko taasisi nzima, Mamlaka ya Serikali Mtandao. Chuo cha mlimani kama huku kwetu Mamba hakina jeshi hilo.

2. Kampuni kubwa za nje. Google na Microsoft hutoa huduma bila malipo kwa taasisi za elimu zinazotimiza masharti yao. Kumbukeni kwamba cha bure hubadilika. Mwaka 2021 Google ilitangaza kuondoa nafasi isiyo na kikomo kwa taasisi hizo, na mwaka 2022 kikomo kikaanza kutumika. Kwa chuo kidogo nafasi iliyobaki bado inatosha, lakini aliyetoa ndiye aliyepunguza.

3. Mtoa huduma wa hapa nchini. Analipwa, ila mnaweza kumpigia simu mkaelewana kwa Kiswahili. Ulizeni kama kalenda imo, au ni barua pekee.

Kwa vyuo vya aina yetu, njia ya pili au ya tatu inafaa zaidi, mradi kikoa kiwe cha chuo.

Mambo manne ya kupima

Kwanza, kukatika kwa mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mfumo mzuri huacha nakala ya barua na kalenda kwenye kompyuta, kazi isisimame.

Pili, mlango wa kutokea. Barua ziweze kuchukuliwa kwa njia ya IMAP, na kalenda kwa muundo wa iCalendar, uliowekwa mwaka 1998 na kutumiwa na mifumo mingi.

Tatu, sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa pia taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Taarifa za wanafunzi zimo humo.

Nne, funguo. Usimamizi wa mfumo uwe kwa watu wawili, na maneno ya siri yawekwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya chuo.

Kalenda na saa zetu

Kalenda ya kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi huhesabu kuanzia mapambazuko. Mkutano wa saa 8 mchana ukiandikwa "8:00", kompyuta itauweka saa 2 asubuhi. Uandikwe 14:00. Wenzetu wa Ujerumani hubadili saa zao kila Machi na Oktoba: saa 8 mchana yetu kwao ni 12:00 majira ya baridi na 13:00 majira ya joto. Mfumo ukiwekwa kwenye saa za Afrika Mashariki, utawafanyia hesabu wote wawili. Humo humo ziandikwe tarehe za mihula, za taarifa kwa wahisani, na miezi ya masika, Machi hadi Mei, ili bodi isiitwe wakati barabara ya mlimani inateleza.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Barua za chuo chetu ziko kwenye anwani ya ofisi au ya mtu?
2. Kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani, na ada yake hulipwa lini?
3. Ni watu gani wawili wanaoweza kufungua mfumo leo?
4. Marafiki mnaochangia: barua yenu ya mwisho mliituma kwenye anwani ipi?