Besi, Chumvi na Umeme

Kitu cha kwanza nilichonunua nilipoamua kuwa mpiga besi hakikuwa besi, kilikuwa spika. Nyeusi, ina magurudumu, wati 100, nimeiona Kariakoo nikaona nimeshafika. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, una bendi?" Nikamjibu nitakuwa nayo. Nikaipandisha basi hadi Bagamoyo, nikaishusha Magomeni (hii ya kwetu, si ile ya Dar), kwenye chumba nilichopanga, ukuta mmoja na mama mwenye nyumba. Niliiwasha mara tatu tu. Ile ya tatu vikombe vyake vikaanza kugongana kabatini. Asubuhi nikaenda kumwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba taratibu kabisa, kisha akaniuliza kama ile mashine naweza kuiuza.

Sijaiuza. Lakini kosa lile ndilo lililonifundisha ninachowaambia vijana wanaonifuata wakitaka kuanza. Besi ya kurekodi nyumbani haina haja ya kusikika barabarani. Kazi yake ni kuingia kwenye kompyuta ikiwa safi. Kwa hiyo pesa yako iende kwanza kwenye gitaa lililonyooka, kisha saundi kadi, kisha hedifoni. Spika ije mwisho, au isije. Na mwambao huu una wakaguzi wawili watakaokagua kila unachonunua: chumvi ya bahari na umeme wa nyumba yako.

Tuanze na gitaa. Ukiingia dukani utaona maumbo mengi na rangi nyingi, lakini mengi yanatokana na magitaa mawili ya Fender: Precision ya 1951 na Jazz Bass ya 1960. Lile la kwanza, kuanzia 1957, lina pikapu (kile kinasa mlio kilicho chini ya nyuzi) iliyokatwa vipande viwili, na sauti yake ni nene, ya kifuani. La pili lina pikapu mbili ndefu na shingo nyembamba kidogo karibu na kichwa, kwa hiyo wenye vidole vifupi hulipenda, na sauti yake ina ukali unaopenya kwenye vyombo vingi. Nakala za bei nafuu za yote mawili zimejaa, mpya na zilizotumika, wala usione aibu kununua nakala. Wasikilizaji hawataona jina lililoandikwa kichwani.

Ila kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Pikapu ile ya vipande viwili imezungushwa waya kwa namna ambayo vipande vinafutiana mngurumo wa umeme. Zile mbili za Jazz, za aina ya kawaida, hufutiana pale tu vitufe vyote viwili vya sauti vikiwa vimefunguliwa sawasawa. Punguza kimoja na mngurumo unarudi. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu, ambako soketi ina matundu matatu lakini la tatu halijaunganishwa na kitu chochote, mimi humshauri anayeanza achukue lenye umbo la Precision. Ni ushauri wa umeme, si wa muziki.

Dukani usianze kwa kupiga. Shika gitaa kama seremala anayekagua ubao: weka jicho kwenye kichwa, tazama shingo yote mpaka mwisho. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame pengo lililobaki katikati. Kadi ya biashara ipite kwa shida. Ukiona kidole kinaweza kupita, shingo imepinda. Halafu piga kila freti kwenye kila uzi, taratibu, hata muuzaji akikasirika. Zungusha vitufe huku limewashwa; kukwaruza kidogo kunatibika, sauti inayokatika ukitikisa waya ni kazi ya fundi mwenye risasi na subira. Urefu wa kawaida wa uzi ni inchi 34. Yapo ya inchi 30, na kwa mtoto au mtu mwenye mkono mfupi hayo ni msaada mkubwa, ingawa uzi wa E hulegea kidogo.

Mimi sikufanya hata kimoja kati ya hivyo. Nilichukua la nyuzi tano kwa sababu tano ni zaidi ya nne. Masika ilipoingia, hewa ikawa nzito kama taulo bichi, na nyuzi zikapanda juu ya shingo hadi kubonyeza kukawa adhabu. Fundi mmoja akataka kuichonga shingo kwa randa. Nashukuru nilikuwa sina hela siku ile. Ndani ya shingo mna chuma, na mwisho wake mna tundu la alenkii. Legeza nyuzi kidogo, kaza robo mzunguko, rudisha nyuzi kwenye tyuni, acha gitaa lipumzike usiku kucha, pima tena. Robo, si nusu. Robo mbili kwa siku mbili zikanirudishia gitaa langu.

Chumvi nayo haina haraka. Nilitundika gitaa ukutani mkabala na dirisha la baharini kwa sababu lilipendeza, na kaskazi haijaisha nyuzi zilikuwa na madoa ya kutu na skrubu za daraja zimegoma. Sasa linakaa kwenye mfuko wake, pamoja na vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Omba kwa wauza viatu, wanavitupa. Kila nikimaliza kupiga napitisha kitambaa cha pamba juu na chini ya kila uzi. Na nimehamia kwenye nyuzi laini, zile zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa mviringo. Ni ghali zaidi, lakini hazina mifereji ya kuhifadhi jasho, zinadumu, na mlio wake mfupi wa duara unakaa vizuri kwenye dansi na taarabu. Kama unapiga kwa kuchapa kidole gumba, hazitakufaa.

Sasa umeme, na hapa niruhusu nikawie kidogo.

Nilikuwa narekodi wimbo wa G. Kila nikikaa kwenye freti ya tatu ya uzi wa E, ile G ya chini, noti ilikuwa inavimba na kusinyaa, inavimba na kusinyaa, kama mara moja kila sekunde, mithili ya ngalawa iliyofungwa nanga. Noti nyingine hazifanyi hivyo. Nikalaumu shingo, nikalaumu nyuzi, nikatyuni mpaka tyuna ikachoka. Usiku mmoja nikanyamazisha nyuzi kwa kiganja nikaacha programu iendelee kurekodi, nikasikiliza ule ukimya. Haukuwa ukimya. Ulikuwa mngurumo mdogo wa umeme, na umeme wetu wa Tanesco hutetema mara 50 kwa sekunde. G ile hutetema mara 49. Sauti mbili zilizokaribiana hivyo zikikutana husukumana, na tofauti yao ndiyo unayoisikia: moja kwa sekunde. Tanesco alikuwa anapiga besi pamoja nami, juu kidogo ya noti yangu, hata nusu hatua hajafika.

Dawa? Nilichomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukafa pale pale. Tangu hapo narekodi kwa betri, jambo ambalo pia linaniokoa umeme ukikatika katikati ya wimbo. Kilichobaki kilipungua nilipolisogeza gitaa mbali na friji na taa ya tyubu, na nilipojigeuza kitini robo duara. Pikapu ina upande inaousikia zaidi, jaribu mwenyewe utaona. Na siku ukipata hela, mwite fundi umeme akuunganishie ethi ya kweli. Usimruhusu mtu akwambie ukate pini ya tatu ya plagi ili mngurumo uondoke. Wapo wanaofanya hivyo majukwaani, na pini ile ipo kulinda roho yako.

Saundi kadi haina maneno mengi. Tafuta yenye tundu lililoandikwa "Inst" au lenye picha ya gitaa. Behringer wana ndogo za bei ya kuanzia, Focusrite wana Scarlett Solo, na mtu mmoja anayerekodi besi hahitaji matundu manane. Usichomeke gitaa kwenye tundu la maiki la laptopu: sauti itatoka butu, kama mtu anayeongea amejifunika shuka. Ukirekodi moja kwa moja namna hii, adhana, bodaboda na mvua juu ya bati haviingii kabisa, na ndiyo maana mpiga besi ana bahati kuliko mwimbaji katika nyumba zetu.

Programu ichague kwa kompyuta uliyonayo, si kwa ile ya mtayarishaji unayemhusudu. Laptopu yangu ni kuukuu, nikaangukia Reaper: kifurushi chake cha kupakua ni kidogo, kinajaribiwa siku 60 bila kufungiwa kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity ni ya bure na inatosha kujifunza kurekodi na kukata, lakini wimbo wa vyombo vingi utakuchosha. Mwenye Mac au iPhone anayo GarageBand bure. FL Studio imejenga nusu ya bongo fleva, na kwa kutengeneza midundo siipingi. Jua tu kwamba toleo lake la majaribio linahifadhi kazi yako lakini halikufungulii tena mpaka ulipe. Zile za kupewa kwenye flashi, zilizovunjwa kufuli, niliwahi kuweka moja. Ilikuja na wageni wake, na nikapoteza nyimbo sita.

Weka 48 kHz na biti 24. Wimbo wa sauti moja kwa kiwango hicho hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika, kwa hiyo piga hesabu ya diski kabla hujaanza. Bafa iwe sampuli 256. Hapo ucheleweshaji unaoletwa na bafa ni kama milisekunde tano, kidole hakitaugundua. Mshale wa sauti usipande kupita desibeli -12 au -10 unapopiga kwa nguvu. Na rekodi wimbo mzima kwa mkupuo. Bendi za dansi za miaka ya 1970 na 1980 ziliingia studio ya Redio Tanzania (RTD), wote wakapiga kwa pamoja, na mpiga besi aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Ukizoea kubandika vipande vya sekunde nne nne, wimbo utakuwa sahihi na utakuwa umekufa.

Ukimaliza, toa hedifoni usikilize kwa simu. Uzi wa E hutetema mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakifiki huko hata kwa ndoto. Mara ya kwanza nilidhani nimesahau kuiweka besi. Nikapandisha za chini, ikawa mbaya zaidi. Siri iko juu: nakili besi yako kwenye njia ya pili, iharibu kidogo kwa plagini ya kukwaruza, kata kila kilicho chini ya 200 Hz, kisha ichanganye polepole mpaka uisikie kwenye simu. Sikio litajaza chini lenyewe. Baada ya hapo mpe dereva wa bajaji flashi, ukae nyuma.

La mwisho ni safari. Ukilinunua gitaa Dar, pale Makumbusho konda atataka kulilaza kwenye buti, chini ya mabegi na ndoo za watu. Mimi nililikalisha dirishani likanyooka, mkanda begani kwangu, nikalilipia nauli ya mtu mzima hadi Bagamoyo. Konda akalikatia na tiketi.