Usubi katika chumba cha vikonyo: mwongozo kwa wahudumu wa vitalu

Mwongozo huu ni wa wale wanaootesha mizizi ya vikonyo ndani ya nyumba au chumba kilichofungwa: waridi, rosemari, bogonvilia, maua ya vyungu, hata kahawa. Unahusu mdudu mmoja mweusi ambaye wengi humdharau kwa sababu haumi mtu. Anayeonekana akiruka hana madhara makubwa. Watoto wake walio chini ya udongo ndio wanaokula mtaji wako.

Kumtambua

Usubi wa udongo una urefu wa milimita 2 hadi 4, miguu mirefu na papasi ndefu. Si mrukaji hodari. Ukitikisa trei huinuka kwa kuyumbayumba, kisha hutua tena palepale na kukimbia juu ya udongo. Usimchanganye na nzi wa ndizi mbivu, mwenye macho mekundu, wala yule wa bafuni mwenye mabawa ya manyoya. Yuko pia nzi mnene mwenye papasi fupi na madoa meupe kwenye mabawa, anayeishi kwenye utando wa kijani juu ya udongo. Huyo hali mizizi, lakini ukimwona ujue maji yako yamezidi.

Mabuu wa usubi ni weupe, karibu uone ndani yao, na kichwa chao ni cheusi kinachong'aa. Kuwapata ni rahisi: kata kipande cha kiazi mviringo chenye unene wa sentimita 1, kibandike juu ya udongo, kiache siku 2, kisha kigeuze. Kama wapo, utawakuta chini ya kiazi au ndani ya udongo kilipolala. Fanya hivyo kwenye trei kadhaa, hasa za pembeni zisizopata hewa.

Chakula chao cha kawaida ni kuvu na majani yanayooza. Lakini katika trei ya vikonyo hukuta kitu kitamu zaidi, yaani kile kinyama cheupe kinachofunga jeraha la kikato na vinyweleo vya mizizi vinavyochomoza. Wakivitafuna, kikonyo hubaki kibichi kwa siku kadhaa kwa akiba ya majani yake, kisha huanguka ghafla. Mhudumu hudhani kimekosa maji, akakiongezea. Mabuu na usubi mkubwa pia huhamisha vimelea vya ugonjwa wa kinyausi kutoka trei moja hadi nyingine, kwa hiyo mara nyingi matatizo haya mawili huja pamoja.

Hesabu ya siku ndiyo inayotisha. Katika joto la nyuzi 24 hivi, yai hadi mdudu anayeruka ni wiki 3 hadi 4, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 100. Vikonyo vingi vya maua navyo huchukua wiki kama hizo kupata mizizi. Maana yake, jike aliyeingia siku ya kupanda anakuwa na kizazi kamili kabla hujahamisha mche kwenye kiriba. Vikonyo vya kahawa, vinavyokaa miezi kadhaa, huvilea vizazi vitatu au vinne.

Maji yawe hewani, si udongoni

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa mmea wa chungu wenye mizizi, ushauri ni mwepesi: acha udongo ukauke. Kikonyo hakina mizizi, ukikikausha kinakufa. Ndiyo maana watu hukata tamaa na kuloweka trei. Lakini kikonyo kisicho na mizizi hupoteza maji kupitia majani, na unyevu kinaouhitaji zaidi ni ule wa hewa inayoyazunguka. Udongo unatakiwa kuwa na unyevu tu, usiwe tope. Usubi nao unautaka udongo uliolowa. Ukitenganisha unyevu wa hewa na ule wa udongo, umemaliza nusu ya kazi.

Funika trei kwa nailoni nyeupe iliyoinuliwa kwa fito, na nyunyiza majani kwa ukungu mwembamba. Umande mwepesi ndani ya nailoni unatosha. Ukiona matone yanatiririka, funua kidogo kila asubuhi. Fumbata udongo wa trei kwa nguvu: tone moja au mawili yakitoka, yanatosha; yakichuruzika, usimwagilie siku hiyo. Maji ya udongo yapitie chini. Weka trei kwenye beseni kwa dakika 15 hadi 20, itoe, umwage yaliyobaki. Ukivuta kikonyo polepole kikakataa kung'oka, mizizi imeanza, na sasa unaweza kuacha sentimita 1 au 2 za juu zikauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Wakati wa kipupwe udongo hukauka taratibu, kwa hiyo ratiba ya Januari isifuatwe Julai.

Usipande kikonyo kwenye samadi au mboji ambayo haijaiva. Kisicho na mizizi hakili mbolea, na harufu ya uozo inaita usubi. Mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, pamisi, au vumbi la makumbi ya nazi vinafaa. Makumbi ya pwani yaliyofukiwa kwenye maji ya bahari yaloweke na uyasuuze mara kadhaa kwanza, maana chumvi itaunguza mizizi michanga. Mwagia trei maji yanayochemka kabla ya kupanda, uache ipoe. Mfuko wa udongo uliofunguliwa usikae chumba kimoja na vikonyo. Okota majani yaliyodondoka kila siku.

Wakishaingia

Kadi ya njano yenye gundi ilazwe karibu na udongo, si kuning'inizwa juu. Hesabu siku ileile kila wiki na uandike kwenye daftari. Kadi haiponyi chumba. Inakwambia tu kama unashinda au unashindwa. Majivu, ambayo wengi huyanyunyiza, hupunguza tindikali ya udongo, na kahawa haifurahii hilo. Dawa ya mbu ya kopo huua wachache wanaoruka na kuunguza majani, wakati mabuu wanaendelea kula.

Kinachowafikia mabuu bila kuudhuru mzizi ni bakteria *Bacillus thuringiensis israelensis*, wa jamii ileile inayotumika kutengeneza kiuadudu cha mbu katika kiwanda cha Kibaha, Tanzania. Tafuta bidhaa iliyosajiliwa kwa mimea, na usome jina lote: aina ya *kurstaki* ni ya viwavi na haitakusaidia hapa. Mimina kwenye udongo kwa kipimo cha lebo, urudie kama lebo inavyoelekeza, kwa kawaida mara 3 hivi kwa nafasi ya siku 5 hadi 7, kwa sababu bakteria huyu hafanyi kazi kwenye mayai na nguvu yake haikai siku nyingi. Wanaoacha baada ya mara ya kwanza ndio wanaosema dawa ni feki. Ukitaka kuhakikisha usajili, muulize afisa wa TPHPA (mamlaka ya viuatilifu) kwa Tanzania, au wa PCPB (bodi ya viuatilifu) kwa Kenya.

Trei mpya kutoka kitalu kingine ikae peke yake wiki 3, na kadi yake. Na trei ambayo zaidi ya nusu ya vikonyo vyake vimelainika shinani usihangaike kuiokoa: ifunge kwenye mfuko pamoja na udongo wake, itoe nje siku hiyohiyo, na uoshe meza kwa sabuni kabla ya kuweka nyingine.