GARI LA MAGURUDUMU MANNE LIKIGOMA: PIMA KABLA HUJAFUNGUA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii sisi huiandika katika insha kila muhula, lakini kwa mwenye gari kuukuu ni hesabu ya pesa kabisa. Mtu anaambiwa giaboksi imekufa, anauza ng'ombe, kumbe kilichoharibika ni sili ndogo ya klachi. Ndiyo maana nimeonelea tujifunze somo hili. Mjomba wangu ni fundi wa jua kali na wakati wa likizo mimi humshikia spana, kwa hivyo maneno nitakayotumia ni yale ya gereji.

Tuchukue mfano mmoja, Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985.

Nguvu hupita wapi?

Injini huzungusha klachi, klachi huzungusha giaboksi, na giaboksi huipa nguvu transfa, yaani giaboksi ndogo iliyo nyuma yake. Kutoka kwa transfa kuna propela mbili: moja huenda kwenye difu ya nyuma, nyingine difu ya mbele. Ndani ya kila ekseli mna haf-shafti mbili zinazozungusha magurudumu.

Kwa kawaida gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ukibonyeza kifundo cha njano, ya mbele nayo huanza kuvuta. Ukisimamisha gari na kuvuta wenzo mwekundu nyuma, unapata gia nzito za mlima, na hapo yote manne huvuta bila kugusa kile cha njano. Ili kurudi kwenye magurudumu mawili, simama, vuta mwekundu nyuma kabisa, kisha usukume mbele. Kifundo cha njano kitaruka juu chenyewe.

Tatizo la 1: Kifundo kimebonyezwa lakini mbele hakuvuti

Usikimbilie kufungua. Kwanza sogeza gari mita moja hivi, kwa sababu meno ya ndani hayaingiani mpaka yalingane. Pili, angalia habu za mbele. Magari mengine yamefungwa habu za kuzungushwa kwa mkono. Zote mbili lazima zifungwe. Ukiisahau moja, mbele hakutavuta hata kidogo.

Ikiwa habu ni sawa, zima injini, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, kaza hendibreki, kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki mahali pagumu. Kifundo cha njano kikiwa juu, zungusha gurudumu hilo kwa mkono. Propela ya mbele inafaa kuzunguka. Isipozunguka, ugonjwa uko mbele: habu, haf-shafti iliyokatika au difu. Ikizunguka, sasa tia magurudumu manne na gia ya kwanza, ujaribu tena. Safari hii propela inafaa kukataa. Ikiendelea kuzunguka kama pia, basi transfa haishiki.

Tatizo la 2: Usukani mzito na kifundo kimekwama

Hili aghalabu huletwa na dereva. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Transfa ya gari hili haina difu katikati ya kugawa tofauti hiyo. Kwenye matope matairi huteleza kidogo na mambo yakaisha. Kwenye lami hayatelezi, kwa hivyo vyuma hujisokota kama kamba iliyolowa. Dawa ni kurudi nyuma polepole mita chache, gari likiwa limenyooka, halafu kuvuta wenzo mwekundu nyuma na kuusukuma mbele. Usipigepige kwa nyundo! Na matairi yote yawe ya saizi moja, la sivyo utajisokota hata kwenye njia iliyonyooka.

Tatizo la 3: Gia zinasaga

Hapa ndipo wengi huliwa pesa. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote. Zikiingia vizuri, washa injini ujaribu tena. Zikianza kusaga sasa, shuku klachi kwanza, kwa maana haiachilii. Tazama maji ya klachi. Yakipungua, kagua silinda ya juu kwenye pedali na ile ya chini kwenye giaboksi kama zinavuja.

Sauti pia ni ushahidi. Gari limesimama katika nyutro, kelele inasikika, lakini ukikanyaga klachi inanyamaza: hiyo ni beringi ya ndani ya giaboksi. Kelele ikianza pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Mshindo wa "ko!" kila unapokanyaga na kuachilia mafuta huwa mara nyingi ni krosi za propela zilizolegea.

Tatizo la 4: Oili

Giaboksi, transfa na difu mbili, kila moja ina oili yake na tundu lake. Kujaza moja si kujaza nyingine. Oili ifike ukingo wa tundu la kujazia. Ukishavuka mto wenye maji mengi, ikague. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na lazima imwagwe yote.

Onyo la uhai

Hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Kwa hivyo ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile la hewani laweza kuzunguka kinyume na gari likateremka ijapokuwa hendibreki imekazwa. Ukitoa propela ya nyuma, hendibreki haizuii tena magurudumu ya nyuma. Mtu aliye chini ya gari hapati nafasi ya pili. Mawe kwanza, jeki baadaye, na usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini magurudumu manne hayatumiwi kwenye lami kavu?
2. Gia zinaingia injini ikizimwa, zinasaga ikiwashwa. Utaanza kukagua wapi?
3. Eleza kwa nini hendibreki pekee haitoshi unapobadilisha gurudumu la nyuma.

Mwenzangu, kama kwenu kuna gari la aina hii, mwonyeshe dereva ukurasa huu. Anayejua kuuliza maswali haya haibiwi kwa urahisi gereji, na fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa.