Mahindi Yakikaushwa na Jua: Okoa Lishe, Linda Ng'ombe



Huku Bulongwa na milima ya Makete tunategemea msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi karibu Mei. Mvua ikikatika katikati, kaya hupoteza unga na mabua ya mifugo kwa pamoja. Somo hili linaeleza namna ya kuokoa kinachowezekana.

Ukame hufanya nini kwenye mmea?
Mahindi yakikosa maji hukunja majani na kufunga vitundu vidogo vya kupumulia ili yasipoteze unyevu. Vitundu vikifungwa, mmea hautengenezi chakula na hudumaa. Wakati mbaya zaidi ni wa kuchanua: ndevu za hindi huchelewa kutoka, chavua huwa imekwisha kumwagika, na unavuna magunzi matupu.

Hatari iliyojificha
Mmea wenye kiu huendelea kufyonza nitrojeni lakini hushindwa kuigeuza kuwa protini. Hubaki kama nitreti, hasa sehemu ya chini ya bua. Shamba lililowekwa samadi au mbolea nyingi lina hatari zaidi. Tumboni mwa ng'ombe nitreti hugeuka sumu inayozuia damu kubeba hewa. Dalili zake ni kuhema kwa shida, kuyumba, na damu ya rangi ya kahawia. Ukiziona, ondoa lishe hiyo na mwite daktari wa mifugo mara moja. Ng'ombe anaweza kufa ndani ya saa chache.

Ufanye nini?
1. Usiingize ng'ombe wenye njaa kwenye shamba la mahindi yaliyonyauka. Walishe majani makavu kwanza.
2. Mvua ikirudi, usikate mara moja, kwani nitreti hupanda. Subiri wiki moja hadi mbili.
3. Kata ukiacha sentimita 30 za bua chini.
4. Usidhani kuanika kunaondoa sumu, nitreti hubaki. Kusindika hupunguza. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3, shindilia shimoni hadi hewa iishe, funika kwa nailoni na udongo, kisha fungua baada ya wiki sita. Wiki tatu za mwanzo watoto wasikaribie shimo, kwani hewa inayotoka inaweza kuwa sumu.
5. Anza kulisha kidogo kidogo, ukichanganya na majani mengine.

Kwa msimu ujao
Panda mvua za kwanza zikitulia, kwa mbegu inayokomaa mapema. Palilia kwa wakati, maana magugu hunywa maji ya mahindi. Lima matuta ya kukinga mteremko, tumia samadi iliyooza vizuri, na tandaza nyasi kati ya mistari. Kwenye kingo za matuta panda majani ya Guatemala au matete: yatashika udongo, na kiangazi utakuwa na cha kukata.

Kabla ya kulisha mahindi yaliyoungua na jua, muulize afisa ugani wa kata yako.