Pima Maji Kabla ya Kununua Samaki



Katika somo la leo tunaongea juu ya maji ya samaki na mboga. Wengi wenu mmekwisha kuuona mtindo huu: samaki wako ndani ya tangi, pampu ndogo inapandisha maji yao kwenye sanduku la kokoto lililopandwa mboga, halafu maji yanarudi kwa samaki. Wataalamu wanauita akwaponiki. Hapa Kampala, Water Governance Institute ni mojawapo ya taasisi zilizoufundisha. Unamfaa mtu anayepanga muzigo wa chumba kimoja, asiye na shamba. Tena inajulikana kwamba mkimbizi wa mjini kwa kawaida hayumo kwenye orodha ya chakula cha msaada, kwa hiyo samaki kumi na mafungu machache ya sukuma wiki ni kitu kikubwa nyumbani.

Lakini fedha ya vifaranga vya samaki haipatikani mara mbili. Mtu ananunua vifaranga leo, kesho kutwa vinaelea tumbo juu. Anasema muuzaji amemdanganya, au jirani ana jicho baya. Mara nyingi ni maji yaliyoua, na maji yenyewe yalikuwa yanang'aa kama kioo.

KINACHOUA HAKIONEKANI

Samaki hutoa uchafu wake mwingi kwa njia ya matamvua, yale mashavu anayopumulia. Uchafu huo ni amonia. Haina rangi, na ikiwa kidogo haina hata harufu. Ndani ya ziwa inapotea katika maji mengi. Ndani ya tangi lako haina pa kwenda.

Anayetuokoa ni bakteria. Wako wa aina mbili, wanaishi juu ya kokoto. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki. Wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati ndiyo mbolea ya mboga zako. Kwa hiyo unafuga makundi matatu: samaki, mboga, na wafanyakazi hawa wadogo usiowaona. Ukinunua samaki kabla bakteria hawajazaliana, umeleta wageni nyumba haina choo.

MAJI UNAYOTEKA

Maji ya bomba ya Shirika la Taifa la Maji yanatoka Ziwa Victoria na yametiwa klorini ili sisi tusiugue. Kiasi hicho kidogo hakimdhuru mtu, lakini kinaunguza matamvua ya samaki na kuwaua bakteria wako. Yalaze maji kwenye pipa lililo wazi siku moja au mbili, uyakoroge mara kadhaa kwa siku, ndipo uyatumie. Hata ukiongeza jerikani moja tu, iwe ya maji yaliyolala.

Maji ya chemchemi hayana klorini, na wengi huyapenda kwa sababu ni ya bure. Mimi nashauri uangalifu. Katika mitaa ya mabondeni kama Bwaise na Katwe vyoo vya shimo viko karibu na chemchemi, na maji yake mara nyingi yana nitrati na vijidudu vya kuharisha hata kama ni baridi na matamu. Pia mengi yana uchachu. Ukiyatumia, yapime kwanza na uyakoroge ili yaingize hewa.

Mvua ya mabati ni nzuri ikiwa umeiacha ile ya kwanza imwagike na vumbi lake. Mabati hutoa zinki, na zinki nyingi ni sumu kwa samaki. Changanya maji ya mvua na maji mengine, usijaze tangi lote.

SUBIRI WIKI 4 HADI 6

Jaza tangi, washa pampu, panda mboga, lakini usiweke samaki. Kila siku tupa chembe chache za chakula cha samaki kilichosagwa. Kinapooza kinatoa amonia, na bakteria wanapata cha kula. Kama jirani ana mtambo wa zamani wenye samaki wazima, mwombe ndoo ya kokoto zake zikiwa bado na unyevu, uzichanganye na zako. Hiyo ni mbegu ya bakteria na inafupisha kusubiri. Usizioshe kwa maji ya bomba!

Kabla ya kununua kokoto mpya, dondoshea siki juu ya chache. Zikitoa mapovu zina chokaa ndani, na zitapandisha pH ya maji yako kila siku bila wewe kujua sababu.

Andika vipimo katika daftari. Tuchukue mfano. Wiki ya kwanza amonia inasoma miligramu 1 kwa lita, nitriti 0. Wiki ya pili amonia 3, nitriti 1. Wiki ya nne amonia imeshuka hadi 0.5 lakini nitriti imepanda hadi 4. Hapo wengi hukosea: wanaona amonia imeshuka, wanakimbilia kununua samaki. Nitriti huharibu damu ya samaki, ikawa ya rangi ya kahawia, naye hukosa hewa ndani ya maji yenye hewa. Subiri mpaka vyote viwili vimerudi karibu na 0 na nitrati imeonekana, tuseme 20 au 40. Siku hiyo ndiyo ya kwenda Kajjansi, barabara ya Entebbe, kwenye kituo cha utafiti wa ufugaji samaki, au kwa mfugaji unayemwamini. Anza na wachache.

KUPIMA

Vipimo viko vya aina mbili: karatasi ndogo za kuchovya, na chupa za dawa ya matone. Matone ni ghali zaidi lakini yanasema kweli zaidi, hasa kwa amonia. Kipimo cha bwawa la kuogelea kinaonyesha klorini na pH tu, usidanganyike kwamba kinatosha. Kisanduku kimoja cha matone kina vipimo vingi, kwa hiyo familia nne au tano zinaweza kuchanga na kukitumia pamoja. Angalieni tarehe ya mwisho kabla ya kulipa.

Chota maji asubuhi kutoka tangi la samaki, kabla ya kuwalisha. Suuza kichupa mara tatu kwa maji hayo hayo. Shika chupa ya dawa wima kabisa, kwani ikiinama tone linakuwa kubwa au dogo. Ngoja dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, si chini yake. Soma rangi mchana, karatasi nyeupe ikiwa nyuma, maana taa ya njano chumbani inageuza kijani kuwa kitu kingine. Wakati wa kusubiri bakteria pima kila siku mbili. Mambo yakitulia, mara moja kwa wiki yatosha, na kila mara samaki wanapokataa kula.

Asiye na fedha ya kipimo cha pH anaweza kuchemsha kabichi ya zambarau na kutumia maji yake. Ukiyatia katika maji yenye uchachu yanakuwa mekundu, katika maji yenye magadi yanakuwa ya buluu au kijani. Ni kemia ya darasani na inafanya kazi, lakini haitakuambia kama ni 6.5 au 7. Na kwa amonia hakuna kabichi. Hiyo lazima ununue.

AMONIA NA pH VISOMWE PAMOJA

Hapa naomba msome polepole. pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni magadi. Samaki, mboga na bakteria wanaelewana kati ya 6 na 7.

Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja kali na moja pole, na kipimo chako kinazihesabu zote pamoja. pH ndiyo inayoamua ni kiasi gani kiwe kikali. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na pH 7, chini ya sehemu 1 kwa 100 ndiyo kali. Kwenye pH 8 inakuwa kama sehemu 5. Kwenye pH 9 inapita sehemu 30. Kwa hiyo amonia ya 2 inayovumilika kwenye pH 6.8 inaweza kuua kwenye pH 8.5, na tarakimu ya amonia haijabadilika hata kidogo.

Sasa fikiri mtambo wa miezi mitano. Bakteria wakifanya kazi wanatoa uchachu, pH inashuka polepole hadi 5.5. Hapo bakteria wanalegea, amonia inajikusanya, lakini samaki bado wazima kwa sababu uchachu umeipoza. Mwenye nyumba anapima pH, anashtuka, anamwaga kikombe cha majivu ya jikoni. pH inaruka, amonia pole inageuka kali, na kabla ya jioni samaki wamekufa. Majivu yenyewe hayana kosa kubwa. Kosa ni kuinua pH kabla ya kutazama amonia.

Njia nzuri ni hii. Acha kulisha siku mbili. Badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yaliyolala, na urudie kesho yake mpaka amonia iwe chini ya 1. Ndipo ufunge makombe ya konokono wa ziwani, yale yanayouzwa kwa chakula cha kuku, ndani ya kitambaa na kuyatumbukiza kwenye tangi. Yanayeyuka taratibu, tena zaidi maji yanapokuwa na uchachu.

Nitriti ikipanda wakati samaki wamo ndani, chumvi ya kawaida husaidia: gramu 1 kwa kila lita, yaani kilo 1 kwa tangi la lita 1,000. Iyeyushe kwanza katika ndoo. Usirudie kila wiki, kwani chumvi haiondoki na mboga zitadumaa.

UMEME UKIKATIKA

Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya juu hivi hushika oksijeni pungufu kuliko ya pwani. Pampu ikisimama usiku, ngege wataonekana alfajiri wakihema juu ya maji. Chota maji kwa kikombe na uyamimine toka juu, tena na tena, mpaka watulie. Kambare anaweza kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana nampendekeza kwa anayeanza. Lakini kwa sababu hiyo hiyo usimtumie kama alama: kambare kupanda juu ni kawaida yake.

MBOGA NA WATOTO

Maji ya samaki yapite chini kwenye kokoto, yasirushiwe majani. Sukuma wiki na lengalenga vioshwe kwa maji safi na vipikwe. Baada ya kushika maji ya tangi, nawa kwa sabuni. Funika tangi kwa wavu uliofungwa imara, kwa ajili ya mbu, na zaidi kwa ajili ya mtoto anayejifunza kutembea. Mwulize mwenye nyumba kabla ya kujaza, maana lita 1,000 ni uzito wa tani moja na si kila veranda itaubeba.

Samaki akifa, mtoe mara moja na upime amonia siku hiyo hiyo kabla ya kuwalisha waliobaki.